Wadudu Wekundu wa Kunde za Mama

Harufu ya dawa ya wadudu, ile kali inayong'ang'ania kooni, hainitishi, na hakuna jambo duniani la kunishangaza mimi. Niliishia darasa la saba, leo nina ekari kumi na mbili za mboga Mikumi, na wasomi wananiomba kazi. Ila kiangazi kimoja kijijini kwetu Kisanga, nikiwa na miaka kumi na mitatu, sijakimeza hadi leo.

Mama alilima kabichi kando ya mto, akazizungushia mistari ya kunde. Kunde zile hatukuzila. Aliziacha zijae vidukari mpaka mashina yakawa meusi, na humo wakazaliana wadudu wekundu wenye madoa, ambao chakula chao ni vidukari. Kila asubuhi alikata majani yenye wadudu hao, akayalaza juu ya kabichi. Mwaka ule kabichi ndizo zilikuwa ada ya dada yangu Asha, wa kwanza ukoo mzima kuchaguliwa sekondari.

Zilikuwa zama za ruksa, kila mtu na duka lake. Dukani kule Mabwerebwere dawa ilipimwa kwa kizibo cha soda, kutoka dumu lisilo na maandishi. "Chukua, bwana mdogo," muuzaji akacheka, "hii inaua mpaka kivuli cha mdudu." Mama alipokwenda msibani Kilangali, nikaazima bomba la kupulizia, na kwa ujanja wangu nikaanza na kunde, maana ndiko uchafu ulikojaa. Jioni ardhi chini yake ilikuwa nyekundu. Nikajisifu kijiji kizima.

Mama aliporudi nilimwamkia, hakuitikia. Aliinama, akaokota gamba moja jekundu. "Umeniulia vibarua wangu. Sasa vidukari utawala wewe?"

Wiki ya pili vidukari walirudi, safari hii bila adui. Tuliwafikicha kwa vidole, watu watatu, mpaka kucha zikanuka. Kabichi zilijikunja zikaoza zikiwa kama ngumi. Mchuma janga hula na wa kwao: Asha akaenda Morogoro kufanya kazi za ndani. Mama alikufa bila kulitaja tena.

Siku hizi dawa hazinisaidii. Vidukari wa Mikumi wanaziogea. Kunde za namna ile anazo mtu mmoja tu, Asha, aliyerudi kulima bonde la mama. Nikamfuata.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tajiri, leo umepotea njia?"

Anawauza wadudu kwa kisanduku cha kiberiti, mia tano kimoja. Nikamwomba anipunguzie, mimi nduguye.

"Wewe nilishakupunguzia," akasema, akiendelea kujaza. "Miaka yote hii sijakudai."

Visanduku mia tatu na kumi. Nikamhesabia mkononi shilingi laki moja na elfu hamsini na tano.