Asante Iliyotangulia

Nakumbuka siku moja tulipofungua muhula mpya chuoni, mwanangu, hapa hapa Mpanda. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na uwanja ulikuwa tope tupu. Nilikuwa mwalimu kijana wa kompyuta, kiherehere kimenijaa. Nimesimama mlangoni kuwapokea wanafunzi wapya, nikaona mzee anashuka kwenye bodaboda pamoja na binti aliyekumbatia godoro lililofunikwa nailoni. Binti aliitwa Kabula. Walitoka Kasansa, kijiji cha mbali.

Ngoja kwanza nikueleze kazi niliyokuwa nafundisha, maana na wewe unaianza. Tovuti ina pande mbili. Upande mmoja unafanya kazi ndani ya simu ya mtu: rangi, vitufe, maandishi anayoyaona. Upande wa pili uko mbali, kwenye seva, ambako kile alichotuma kinapokelewa na kutunzwa. Wanafunzi wangu waliupenda ule wa kwanza, kwa sababu ukibadilisha kitu unakiona papo hapo. Ule wa seva waliuona mkavu. Nami nikawaacha wafurahi.

Muhula wa nyuma darasa letu lilikuwa limetengeneza tovuti ya kujiandikisha chuoni, ili mtu wa vijiji kama Mamba au Kasansa asihangaike kuja mjini wakati barabara imekatika. Ukurasa wenyewe uliandikwa na Evarist, mwanafunzi wangu mwenye kipaji kuliko wote, kijana wa Katumba. Ukibonyeza kitufe cha kutuma, yanatokea maneno ya kijani: "Asante, umesajiliwa. Karibu chuoni." Tuliujaribu darasani, seva ikiwa kwenye chumba hicho hicho, haukukosea hata mara moja. Tukapiga makofi. Kumbe yale maneno yalikuwa yanatokea kitufe kikishabonyezwa tu, bila kusubiri seva ijibu. Huko ambako mtandao unakuja na kupotea, simu ilishukuru wakati seva haijaona kitu.

Kabula alikuwa amejiandikisha kwa simu na kuyaona maneno yale ya kijani, lakini kwenye orodha yetu jina lake halikuwepo. Nafasi zilikuwa zimejaa, na mkuu wa chuo alikataa kuongeza hata kiti kimoja.

Baba yake alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe zake miaka mingi nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho nikimweleza habari za mtandao na seva. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hayo mimi siyajui," akasema. "Nauliza moja tu. Nani alisema asante?"

"Ni ukurasa, baba."

"Ukurasa umeandikwa na mtu. Huyo mtu alikuwa amepokea nini mpaka akashukuru?"

Evarist, aliyekuwa nyuma yangu, akasogea mbele.

"Ni mimi, baba. Nilidhani itafika."

Mzee akamgeukia. "Najua hukufanya kwa ubaya, kijana. Lakini ungeniambia haijafika, ningetuma tena. Ningekuja hata kwa miguu."

Kabula alikuwa analifuta godoro matope kwa kiganja, kama vile bado ataingia nalo bwenini.

Tuliwaomba warudi msimu unaofuata. Evarist hakupumzika mpaka alipoubadilisha ukurasa ule, ukawa unasubiri jibu la seva, na jibu lisipokuja unamwambia mtu wazi: "Bado haijafika, jaribu tena." Haukupendeza kama ule wa mwanzo, ila ulisema kweli. Wengi walijiandikisha kupitia huo. Kabula hakuwa mmoja wao.

Wakati wa likizo nilikwenda Kasansa kumtafuta. Nikaambiwa ameshaolewa, amehama na mumewe. Baba yake alinikaribisha maziwa mgando, tukaongea habari za mvua na malisho. Hakunilaumu. Aliponisindikiza barabarani, tukiwa tunasubiri usafiri, ndipo akasema, "Alikuwa anapenda shule, yule." Basi. Gari likaja, nikapanda.

Nimefundisha wengi tangu hapo, mwanangu, na wengine nyie mnawaona kwenye kazi nzuri. Lakini mtu akiniuliza habari za wanafunzi wangu, wa kwanza kunijia ni yule ambaye sikuwahi kumfundisha.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Usimwambie mtu kitu kimefika kabla hujajibiwa na kule kinakokwenda. Kama hakijafika, sema hakijafika, hata kama neno hilo litakuharibia uzuri wa kazi yako, kwa sababu anayeambiwa kweli mapema bado ana njia ya kufanya. Usijaribu kazi yako mahali ulipokaa wewe tu, penye umeme na mtandao mzuri. Nenda nayo kwa mtu mwenye simu iliyopasuka kioo, kijijini kwake, kaa pembeni yake umwone anavyohangaika. Na usiudharau upande usioonekana. Watu watakusifia kile wanachokiona, lakini wanachokuja kukutegemea ni kile kingine.

Mungu akujalie akili ya kazi na ulimi usiokimbia mbele ya matendo. Wanaokuamini wasije wakajuta kukuamini. Nenda salama, mwanangu, na kazi ya mikono yako iwafikie watu kweli.