Dawa Kwanza, Kipimajoto Baadaye

Jina la Mama Pua alipewa na wauguzi wenzake, wala hakulichukia. Enzi alipohudumu wodi ya upasuaji, aliweza kusimama mlangoni, akavuta pumzi, kisha akasema ni kidonda cha nani kimeanza kuoza kabla bandeji haijafunguliwa. Hospitali ilipoanza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, alihamishiwa chumba kidogo karibu na stoo ya mashuka. Kazi yake ikawa kuwatafuta wagonjwa walioingia bila maambukizi wakayapatia humo humo hospitalini. Kompyuta ilisoma joto la mwili na dawa alizoandikiwa kila mgonjwa. Homa na antibiotiki vikikutana, iliweka alama nyekundu kando ya jina la mgonjwa, naye Mama Pua akaenda kumwona.

Wodi ya wazazi haikuwa na alama hata moja, na ilisifiwa kwenye kila kikao. Mama Pua hakuridhika. Wodi safi kiasi hicho ilitumia antibiotiki nyingi za nini? Msimamizi wa wodi hiyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyetarajiwa kupewa cheo cha muuguzi mkuu.

Alimkuta akikunja mashuka.

"Dada, pua imenusa nini tena?"

"Pua imestaafu. Nimetumwa na kompyuta. Hivi, joto la wagonjwa mnalipima wakati gani?"

"Tukishawapa dawa ya homa. Mtu anatetemeka, nimwambie asubiri kwanza nitafute kipimajoto?"

Yaani dawa ilitangulia, homa ikashuka, ndipo wakapima. Kompyuta ikaandikiwa joto la mtu mwenye afya njema. Ilianza kwa huruma. Sifa zilipoanza kumiminika, hakuna aliyeona haja ya kubadili utaratibu.

"Yule aliyejifungua kwa upasuaji, wa kitanda cha dirishani," Mama Pua alisema, "mpime sasa, kabla ya dawa."

Wakampima. Joto lilikuwa juu mno, na tumbo lilikuwa gumu, haligusiki.

Mdogo mtu akamvuta dada yake pembeni. "Daktari nitamwita, sikatai. Ila hiyo habari ya kipimajoto iache. Ukiiandika, cheo nakiaga."

"Nisipoiandika, kesho atalala mwingine hapo."

"Haya, andika. Tumenyonya ziwa moja, kumbe ndugu yako ni kompyuta."

Aliandika. Mgonjwa yule alirudishwa chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo, akasafishwa, akapona taratibu. Utaratibu ulibadilishwa, alama nyekundu zikajaa wodi ya wazazi, na cheo akapewa mtu mwingine. Tangu hapo, wakikutana koridoni, mdogo wake humwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, sista," kama anavyowaamkia watu asiowajua.

Jioni moja Mama Pua alimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Akaiweka mezani, akawasha pasi, akainyoosha sare ya kesho kuanzia kola hadi pindo, kisha akaitundika nyuma ya mlango.