Mkwe Asiyetaka Kurukaruka

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyooa, mjukuu wangu, maana bila hiyo nisingeoa. Mwingereza bado anatutawala, mimi kijana wa Suji, huku milimani. Jirani yetu Yonazi karudi kutoka jeshi la Keya, lile la huyo Mwingereza, na mazoezi yake. Kila asubuhi anatupanga vijana: "Mikono juu! Ruka!" Sauti yake, nakuapia, hata nyani wa mbali kule Kileo walikuwa wanaruka.

Basi akapita Mzee Mbwambo, baba yake Nakijwa, mchumba wangu.

"Shikamoo, baba!" nikamwamkia huku naruka.

Akaniuliza: "Jembe lako liko wapi?"

"Nafanya mazoezi, baba."

"Unamwaga jasho bure na shamba lipo? Binti yangu haolewi na panzi!"

Wenzangu walicheka mpaka mbuzi wakakata kamba. Kwetu jasho lilikuwa la jembe au la mzigo kichwani. Kuruka mikono mitupu ni uvivu, kama siyo wazimu.

Wiki haijaisha, baragumu likalia: msaragambo, kijiji kizima twende kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Maji yale ni baridi, ukitia mguu meno ya jirani yanagongana! Mzee Mbwambo akaingia katikati, mara yowe: "Mchawi ananivuta mguu!" Maji yakamfika kidevuni. Watu wakatimua mbio, wanaogopa uchawi. Mimi nikajua ni msuli umekaza. Nikajitosa, nikamkokota mpaka ukingoni, nikaunyoosha mguu na kusukuma vidole kuelekea kwake, kama Yonazi alivyotufundisha.

"Unanivunja, we panzi!"

"Pumua, baba."

Msuli ukalegea. Akasimama, akakanyaga, akakanyaga tena, akaangua kicheko. "Kumbe ule wazimu wenu ni dawa! Haya, kesho njoo nyumbani tupange harusi. Ila uje na jembe."

Mjukuu wangu, nilishusha pumzi mpaka ndiva ikapiga mawimbi! Nakijwa ndiye huyo bibi yako anayekukaripia kila siku.

Sasa nisikilize. Wewe unapanda bodaboda hata kwenda chooni, halafu jioni unakimbia barabarani mjini Same. Kimbia, sikukatazi. Lakini ukimkuta mama anapandisha mlima wa kwenda kijiji cha Mamba na mzigo wa tangawizi, mpokee. Na hayo ni mazoezi. Na ukimwona mtu anatoka jasho kwa namna usiyoijua, muulize kwanza, usimcheke.

Mungu akupe magoti yasiyolia, mgongo usiopinda, na wakwe wanaojua kucheka. Amina.