Pipa la Buluu la Mama Ngari

Gladys, mjane wa Ireri, alikuwa jirani yangu huku Kiambere, na kwa miaka mingi boma lake halikukosa mtu. Marehemu mumewe alikuwa mzima moto pale kituo cha umeme. Siku moja alimletea pipa tupu la buluu lililowahi kuwa na dawa ya povu la kuzimia moto. Gladys akalisugua kwa majivu, akaliweka chini ya mabati kukinga maji ya mvua. Huku kwetu mvua ni ya kuombea, kwa hivyo pipa likijaa akina mama walikuja kuchota, wakakaa, wakacheka. Hata Ireri alipozikwa, na mtoto wao Ngari akahamia Meru kikazi, yule mama hakuwa peke yake.

Miaka michache iliyopita akaja kijana wa kituo, Muriithi, na nyundo na msumari mrefu.

"Cucu, nyanya yangu, sheria imebadilika. Dawa ile hairuhusiwi tena. Mapipa yake tunatoboa, yasiwekwe maji."

"Nimeyanywa miaka yote hii na bado nakushinda kubeba kuni."

"Kweli. Lakini sumu yake inaingia mwilini polepole. Hata ukisugua, imeshika kwa plastiki."

"Na nikikwambia liliibwa?"

Muriithi akatazama chini. "Nitasema liliibwa, Cucu."

Hapo akatokea Winfred, jirani, mtungi mkononi na mtoto mgongoni. "Cucu, leo nipe ya kutosha. Huyu nimemwanzishia uji."

Gladys akamtazama yule mtoto, naye mtoto akamtolea ulimi.

"Toboa," akamwambia Muriithi. "Toboa chini kabisa, nisije nikajaribiwa."

Maji yakamwagika, kuku wakakimbia.

Baada ya hapo akina mama walienda kisimani, upande ule mwingine. Hawakuwa wamemkasirikia, ni vile tu njia haikuwapitisha kwake. Nyasi zikaota mlangoni pa boma.

Jumapili moja, ibada ilipoisha, nilienda kwake. Nilimkuta ameketi karibu na lile pipa, sasa limepinduliwa, na vikombe vyote vimepangwa juu yake, safi.

"Karibu, Mama. Unaenda wapi?"

"Nimekuja hapa."

"Maji sina, isipokuwa ya kunywa."

"Sikufuata maji."

Akaangalia mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtungi. Halafu akainuka polepole, akachukua vikombe viwili.