Kengele ya Dharura Niliyoibonyeza Ili Nisalimie

Nitalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu: mimi Mama Deo, mwanamke wa miaka sitini na saba, mshona mapazia niliyeheshimika Doornfontein nzima hapa Johannesburg, nilibebwa kwa machela mchana kweupe mbele ya wazee arobaini walioacha chakula chao mezani, na wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nasalimia. Chekeni kwanza, nawasubiri, halafu niwaeleze.

Ilikuwa mwaka huu huu wa 2017, baridi ya Julai ile inayoingia mpaka kwenye meno. Miezi miwili kabla niliteleza kwenye ngazi za nyumba ninayopanga chumba hapa Bellevue (nyumba moja, vyumba tisa, choo kimoja, kila mtu na kufuli lake), nikakaa pale chini karibu saa nzima na mfuko wa nyanya mapajani, watu wananipita wakidhani napumzika. Kosa langu nikamsimulia Deo kwenye simu kama kichekesho. Deo ni mwanangu wa pekee, baba yake alishafariki, yeye ni injinia wa migodi huko Perth, Australia, na hakucheka hata kidogo. Kesho yake akanitumia majina ya sehemu tatu akaniambia, "Mama, chagua moja, nitalipa mimi." Alisema kwa Kiingereza, maana amekulia hapa Joburg, Kiswahili anakisikia vizuri sana ila kukisema alikiacha darasa la tatu.

Sehemu zenyewe ni vijiji vya wazee, vya kulipia. Unaingia ukiwa na nguvu zako, unapewa kijumba na kibustani. Ukianza kuchoka unahamia chumba kilicho karibu na manesi. Ukishindwa kabisa unapewa kitanda, humo humo ndani ya ukuta mmoja, huhami tena. Kwetu Kigoma ukimweleza mtu hivyo atauliza huyo mama amewakosea nini wanawe. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilishakaa chini na zile nyanya na nilijua hakuna wa kuninyanyua.

Nikaenda kuchagua kama ninavyochagua kitambaa, kwa kushika. Cha kwanza kilinuka dawa ya choo na wazee wote wamegeuziwa televisheni. Cha pili mlinzi akanielekeza mlango wa nyuma, akadhani nimekuja kuomba kazi ya kufua (nilikuwa nimevaa suti yangu ya krismasi, eish). Cha tatu kilikuwa kaskazini ya mji, kina miti, kina njia za matofali zilizofagiliwa, na mapazia yao yalikuwa na bitana, mtu aliyeyashona anajua kazi. Wakasema ninaweza kukaa siku tatu nijaribu. Nikafunga sanduku.

Ijumaa asubuhi meneja, mama mmoja wa Kizungu mpole aliyening'iniza miwani kwa kamba, akanipa vitu viwili. Cha kwanza ni kidude cha kuvaa shingoni chenye kitufe chekundu: ukianguka unabonyeza, na kisanduku kilichopachikwa ukutani kinaongea, upande wa pili kuna mlinzi wa zamu anakuuliza una shida gani. Cha pili ni fomu. Nikaijaza yote vizuri, kwenye mstari wa mtu wa kuitwa ukipata shida nikaandika Deo na namba yake ya Perth. Meneja akaisoma, akavua miwani. "Huyu ni mwanao, sawa," akasema, "lakini nahitaji mtu wa hapa Johannesburg, anayeweza kufika na kukufungulia mlango. Bila jina hilo siwezi kukupokea."

Nikamwambia nitampa Jumatatu. Nilimwambia kwa madaha kabisa, kama mtu ambaye tatizo lake ni kuchagua kati ya majina mengi.

Mchana nikakaa na kalamu. Ndugu zangu, nimeishi mji huu miaka ishirini na tatu. Padri aliyenizikia mume wangu amehamishiwa Durban. Mama Neema tuliyeshona naye meza moja miaka kumi na miwili amerudi Kigali. Wateja wangu wana namba yangu, mimi sina zao, wao ndio hunipigia. Nikafikiria hadi kaka wa duka la nyuzi, nikagundua simjui jina, namwita kaka. Kalamu ikaanguka, nikainama kuiokota nikiwa nimeegemea meza, kifua kikakandamiza kitufe, na ukuta ukaniuliza kwa Kiingereza kama niko salama.

"Mungu wangu, nani huyo?" nikasema, kwa Kiswahili bila kutaka.

Ukuta ukaacha Kiingereza. Halafu ukasema, "Mama, uko unasema Kiswahili?"

Alikuwa Mkongo, Baba Furaha, mtu wa makamo, mlinzi wa zamu ya mchana, mwenyeji wa Kalemie, ambako ni ng'ambo tu ya ziwa kutoka kwetu Kigoma. Akaniambia "jambo mama" (shikamoo wao hawana, nikamsamehe), nikamuuliza za kazi, akasema nzuri, za baridi, akasema inamuua goti, nikaanza za nyumbani, akasema, "Pole mama, laini ingine inaita," akakata.

Mimi nikabaki nimesimama mbele ya kile kisanduku na salamu yangu nusu. Na hapo ndipo wazo likaniingia: jina si ndilo hili? Mtu wa hapa, mwenye simu, anayejua mlango wangu, tena mtu wa ziwani. Nitamuomba. Lakini nyie mnajua, mtu humvamii na shida yako hata hajamaliza kukuambia watoto wameamkaje. Kwanza salamu iishe, ndipo neno lenyewe lifuate. (Kwa nini sikumfuata alipo? Niliuliza. Chumba chao kina mlango wa chuma na mgeni haruhusiwi.)

Kwa hiyo Jumamosi, baada ya chai, nikavuta stuli mbele ya ukuta, nikakaa vizuri, nikabonyeza. Baba Furaha akaitika kwa wasiwasi, nikamwambia hapana, mimi mzima, nilikuwa namalizia tu salamu za jana. Akacheka. Tukaenda za mke (anauza vitenge mtaa wa Bertrams), za watoto wanne, za Furaha mwenyewe anayesoma ualimu, za goti, tukafika kwenye migebuka, samaki wa ziwa letu. Mtu asiyekula migebuka asiniulize tulikaa hapo muda gani. Kila nikitaka kusema Baba Furaha nina neno, yeye anakumbuka namna nyingine ya kuwakausha. Nilikuwa sijaongea hivyo tangu Mama Neema aondoke. Pale kijijini watu walinitabasamia vizuri tu, wanasema asubuhi njema huku wanapita, na hapo mazungumzo yameisha.

Kitu nisichokijua ni kwamba simu ikizidi dakika fulani bila kufungwa, taa inawaka juu ya mlango wako na kengele inalia kwa manesi. Nesi akaingia mbio, anahema. Sasa ningesema nini, kwamba nazungumza habari za samaki? Nikashika kichwa nikasema, "Kizunguzungu kidogo." Ni kiuongo, kidogo tu. Akanipima presha, akaandika kwenye faili, akanilaza, na kuanzia hapo nikaletewa supu isiyo na chumvi.

Jumapili saa ya chakula cha mchana wazee wote wako ukumbini, mimi nimeambiwa nipumzike chumbani na supu yangu. Kesho ndiyo Jumatatu. Nikajiambia leo salamu fupi, kisha neno. Nikabonyeza. Salamu ikawa fupi kweli, kwa kipimo chetu, nikavuta pumzi nikasema Baba Furaha, kuna fomu hapa, na nikaanza kumweleza, na nilipokuwa nakaribia kumaliza nikasikia viatu vinakuja, vingi, maana mtu mwenye kizunguzungu kwenye faili akibonyeza tena hawatumi tena nesi mmoja.

Jamani, mtu mwenye akili angebaki kwenye stuli. Mimi niliona kukutwa nimekaa na bakuli la supu natazama ukuta ni aibu kuliko kukutwa nakufa, basi nikajilaza chini. Taratibu, nisiumize nyonga. Nikafumba macho. Wakanikuta hivyo, wakanipandisha kwenye machela, kilemba kikabaki sakafuni, wakanipitisha mbele ya ukumbi na wazee wametoka kuangalia, wengine wana uma mkononi, bibi mmoja akaniwekea kitambaa chake cha mezani kifuani kama nimeshakufa. Na nyuma yetu, mlango ukiwa wazi, kile kisanduku kinaita kwa sauti kubwa, "Mama? Mama, mbona umenyamaza? Malizia basi."

Daktari wa ambulensi alihitaji dakika mbili kugundua sina kitu. Meneja alihitaji dakika moja kuuliza yule mlinzi alikuwa ananiambia nimalizie nini.

Jumatatu saa nne nikaitwa ofisini. Kulikuwa na meneja, bosi wa ulinzi, wazee wawili wa kamati ya wakazi, na Baba Furaha amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Ndiyo mara ya kwanza namwona. Ni mfupi kuliko sauti yake. Akaniinamia kichwa, na nikaona anaikunjakunja ile kofia, nikaelewa kwamba mimi hapa nilikuwa napoteza aibu tu, yeye alikuwa anapoteza kazi. Maongezi yote ya kile kisanduku hurekodiwa. Mara tatu, moja refu kupita kiasi, mlinzi na mama mgeni, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Bosi wa ulinzi alishaamua kwamba tunapanga wizi.

Nikasema nitawatafsiria mwenyewe. Bosi akasema hapana, mimi ni mhusika, watamtumia mwanangu. Wakageuza kompyuta, na Deo yupo, nyumbani kwake, kofia ya kazini bado iko kichwani, Perth ni saa kumi jioni. Wakawasha rekodi.

"Anamuuliza habari za kazi," Deo akatafsiri. "Anamuuliza habari za baridi. Anauliza goti limepona." Bosi akasema endelea. "Anauliza watoto wamelala salama. Sasa wanaongea kuhusu samaki." Rekodi ikazidi kwenda. "Bado samaki." Mmoja wa wale wazee wa kamati akafunika mdomo. Rekodi ya pili yote ikaenda hivyo, Deo anatafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, na mimi nimeinamisha kichwa naomba wasifike ya tatu.

Wakafika. Sauti yangu ikatoka ndani ya ile kompyuta, na Deo akaacha kutafsiri.

"Anasema nini?" akauliza meneja.

"Anasema…" Deo akavua kofia. "Anasema kuna mstari kwenye fomu, unataka jina. Anasema amehesabu watu wake wote na hana jina. Anasema mwanawe ni mtoto mzuri, anapiga simu kila Jumapili, hakosi, lakini akianguka, simu haiwezi kufungua mlango. Anamwomba kama anaweza kuandika jina lake yeye. Anasema hatamsumbua. Anasema hilo jina ni la kuandikwa tu."

Mzee mmoja wa kamati akanong'ona kwamba na yeye hubonyeza, siku za Jumapili, huwa anasema kimeminywa kwa bahati mbaya. Meneja akaangalia karatasi zake.

"Mama," Deo akasema, na akasema kwa Kiswahili, kile chake cha darasa la tatu, "andika mimi."

"Lazima awe mtu anayeweza kufika," meneja akasema, pole pole, hakuwa na ubaya. Nyuma ya Deo, kwenye kompyuta, kulikuwa na dirisha na jua la huko, na pazia ambalo upindo wake umeshonwa ovyo, upande mmoja umeshuka, na mimi nikabaki nautazama ule upindo kwa sababu usoni kwake nilishindwa. Sijawahi kuingia nyumba hiyo. Ningeushona kwa nusu saa.

Baba Furaha hawakumfukuza. Walimpa barua ya onyo na kumhamishia getini, na mfanyakazi, wakaniambia, haruhusiwi kuandikwa jina kwenye fomu ya mkazi. Nilipotoka na sanduku langu yeye ndiye aliyenifungulia kizuizi. Juu yake kuna kamera. "Go well, ma'am," akasema, kwa Kiingereza, akaweka mkono kifuani. Nikamjibu kwa Kiingereza vilevile nikaenda kusubiri teksi.

Sasa niko hapa hapa Bellevue. Deo aliniambia njoo Perth, nikamuuliza mchana nani huwa nyumbani, akasema hakuna, nyumba yote itakuwa yako. Kijiji kile cha tatu ndicho nilichokichagua, nimemwambia hivyo, na wao wamesema nafasi wataniwekea kwa muda. Fomu iko kwenye droo ya cherehani, imejaa isipokuwa mstari mmoja. Na nimeapa mbele ya mashahidi kwamba sitabonyeza tena kengele yoyote kwa ajili ya salamu, mtu nitamfuata kwa miguu yangu ilimradi ingali inanibeba.

Chumba cha pili kuna mama wa Kirundi, anauza viatu vya mtumba, ana kufuli kubwa kuliko langu. Mwaka wa nne huu tunapishana kwenye korido. Wiki iliyopita nilisimama mlangoni kwake nikamuuliza ameamkaje. Alinitazama kwa mashaka, akasema salama. Juzi nikamuuliza za biashara. Jana za watoto, akanitajia wawili. Neno lenyewe sijalifikia, bado tuko kwenye salamu.