Mpira mweusi wa Rwamgasa: mashindano ya snooker ambayo bingwa alilazimika kurudi

Wakuu, salaam kwenu.

Nimesoma uzi wa jana wa mashindano ya snooker ya Ulaya, wale jamaa wenye vizibao. Umenirudisha Rwamgasa. Nasimulia niliyoyaona mwenyewe, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Nilitoka Songea na begi moja. Nilipofika Shinyanga miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa kwenye basi. Nikakaa mtaa wa Kambarage kwa binamu yangu, muuza spea za baiskeli, hadi habari za dhahabu zikanivuta Geita.

Huko Geita nilifikia Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji, na kila baa ilikuwa na pool. Ila kwenye baa ya Mama Neema kulikuwa na meza kubwa ya snooker, yenye mawe chini ya kitambaa. Alisema ilitoka klabu ya zamani huko Mwadui. Sina uhakika.

Kila mwaka mvua zikikata, mashindano.

Kombe halikuwepo. Bingwa alipewa mpira mweusi, ule wa pointi saba, akaondoka nao. Mwaka mzima tulifanya mazoezi bila huo mpira, doa lake tupu. Mashindano hayakuanza mpaka bingwa aurudishe.

Mnawajua wachimbaji. Leo yupo, kesho kasikia Chunya kumetoka dhahabu, anatoweka na namba ya simu anabadilisha. Mama Neema alisema kombe mtu atauza, ila mpira mmoja utamuuzia nani? Atarudi tu.

Na walirudi kweli, mpira ndani ya soksi.

Sasa Doto. Msukuma mrefu, mtani wangu mimi Mngoni, tulichimba duara moja, yaani shimo moja la dhahabu. Alinifunga fainali mbili mfululizo, na kila nikishika fimbo ananitania:

"Mngoni, hiyo ni fimbo, siyo mkuki. Usichome."

Baada ya ile ya pili akaondoka na mpira. Aliniambia akirudi asinikute vilevile.

Wakuu, nilifanya mazoezi. Natoka duarani na vumbi langu, naenda mezani. Ubingwa sikuuwaza sana. Nilitaka kumfunga Doto.

Mvua zikakata. Kila gari likifika tunachungulia. Siku moja konda akashusha kifurushi: soksi, na mpira ndani. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa juu. Mama Neema akapiga, kisha akanipa simu.

"Umejifunza, Mngoni?"

"Njoo uone."

Akacheka.

"Siji, mtani. Nimeoa, nina ng'ombe. Chezeni tu."

Tukacheza. Fainali nilikutana na fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nikamfunga mapema. Mpira mweusi ulipotumbukia watu walipiga makofi, mimi nikajikuta natazama mlangoni.

Hapo niligundua kwamba mpira unaweza kurudi bila mtu wake. Na kwamba mimi mtu wa kuhamahama, kilichokuwa kinanishikilia pale si dhahabu wala meza. Kama una mtani wa namna hiyo, wahi kucheza naye, maana siku moja atatulia, na ni haki yake.

Siku ya kuondoka nilipita kuaga. Mama Neema akanipa ile soksi na mpira ndani, zawadi yangu ya ubingwa. Nikautoa mpira, nikauweka kwenye doa lake.

Akanitazama.

"Kwa hiyo hurudi."

"Wabeja, mama," nikamshukuru kwa Kisukuma, kama Doto alivyonifundisha. Gari likapiga honi, nikapanda.

Aliyepita Rwamgasa karibuni aniambie: ile meza bado ipo? Na mpira mweusi mwaka huu yuko nao nani?