Wa Kushoto Kwake

Katika majlisi zetu za Mabela, huku ng'ambo, hakuna mtu aliyekimbia. Waulize wazee walioiacha Unguja siku zile za fujo za mapinduzi, kila mmoja atakwambia "tulipokuja." Tulipokuja, utadhani walialikwa harusini. Baba yangu peke yake ndiye aliyesema "nilipokimbia," na kila akisema, nilimsahihisha mbele ya wageni kama ninavyosahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Nilimwonea haya. Leo haya hiyo imenigeukia mwenyewe.

Mwaka jana figo zake zilipochoka, akawa na swali moja tu: je, alikuwa mwoga? Aliniuliza mimi binti yake kwa sababu nasomesha historia, akidhani jibu limo kabatini shuleni. Nami nilitaka sana afe ametulia. Basi siku moja baada ya sala ya alasiri nikamletea kitabu nilichokuwa nikitayarishia somo, chenye habari za askari wa Kigiriki wa kale, nikamfasiria.

"Hawa wakishindwa, Baba, walikimbia. Ngao yao ilikuwa nzito, ukikimbia nayo unakamatwa. Basi waliitupa chini. Walichekwa, lakini walirudi kwao, wakalima, wakalea watoto."

"Ehee," akasema, uso ukamkunjuka kidogo. Nikafurahi, mjinga mimi. Sentensi iliyofuata nikairuka kimya kimya, nikammiminia kahawa.

Lakini kitabu kilikuwa na picha, na macho ya Baba yalikuwa mazima. Askari wamesimama bega kwa bega, ngao mkono wa kushoto, nusu ya kila ngao imemfunika jirani. Aliitazama mpaka kahawa ikapoa, kisha akaweka kidole.

"Ngao hii yamkinga nani?"

"Mwenyewe, Baba."

"Na huyu wa kushoto kwake?"

Nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Sentensi niliyoiruka ilikuwa hiyo hiyo: mwenye kutupa ngao humwacha wazi wa kushoto kwake.

Baba akautoa mkono wake wa kushoto ndani ya shuka. Miaka yote alikuwa akiuficha, mara mfukoni mwa kanzu, mara chini ya mto, nami nikidhani ni mazoea tu.

"Mdogo wangu alikuwa na homa, hawezi kwenda. Alikuwa kanishika huu. Tulipofika ukutani n'kamwachia, n'kapanda. Mpaka leo nnavisikia vidole vyake vikiteleza."

"Ungebaki mngekufa nyote wawili."

"Nnajua, mwanangu. Hilo nnalijua tangu siku ile."

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma, na mimi nikakifunga kile kitabu kwa hasira, kana kwamba chenyewe ndicho kilichomwachia mtu.

"Wasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akasema Baba. "Mimi nilipomfikia mama yangu kule alikojificha, mkono mtupu, wallahi sikusikia mtu kucheka."

Hakuniuliza tena swali lake. Alifariki siku chache kabla ya Ramadhani, na sidhani kama alitulia.

Msibani, upande wetu wa wanawake, bi mkubwa mmoja jirani akaanza kumsimulia kwa wema: "Marehemu alipokuja kutoka Unguja..."

"Alikimbia, Bibi," nikamkatiza. "Na alikuwa na mdogo wake."

Vikombe vikasimama mikononi. Hakucheka mtu.